Tulipoanza Kula Meza Moja

Bunju ya Dar es Salaam tuliyohamia mwaka 2009 ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Daladala ilikutoa Mwenge, ikakupitisha Tegeta na Wazo katikati ya malori ya saruji, ikaimaliza Boko, na ulipoteremka ulikuwa na mwendo mwingine wa miguu kwenye mchanga kabla hujaliona geti lako. Watu wengi walikuwa wamenunua viwanja, wamepandisha kuta hadi usawa wa linta, kisha wakangoja fedha. Tuliokwisha kuhamia tulikuwa wachache na tulikaa mbalimbali. Jirani ulimjua kwa sauti ya jenereta yake kabla hujamjua sura.

Chakula cha kununua kilikuwepo. Mchana mama ntilie wa sokoni walipakua wali maharage na samaki wa kukaanga kwa mafundi ujenzi, na jioni vijana wa chipsi mayai na mishikaki waliwasha majiko yao kituoni. Vilikuwa vyakula vizuri, ila havikuwa vya kukalia. Ulikula kwenye benchi ukiwa umewapa mgongo wapita njia, au ulifungiwa kwenye mfuko ukaenda navyo nyumbani. Mtu kutoka jioni na mkewe na watoto wake, wakakae mezani, waagize, wale na kuzungumza, hilo tulilihesabu kuwa jambo la watu wa Masaki. Kwetu lilingojea harusi, na harusini hukai na familia yako, unakaa ulikopangiwa na kamati.

Sisi tulitoka Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Baba ni mtu wa Kilwa Kivinje na alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Mama ni wa Bagamoyo. Katika nyumba ile kila mlo ulikuwa na njia yake. Sinia la wanaume lilitoka uani, likapita ukumbini, likaishia barazani, ambako baba alikula na wajomba, wapangaji na yeyote aliyepita akakaribishwa. Sinia letu, la mama, mashangazi na watoto, lilibaki uani kwenye mkeka. Hakuna aliyeonewa kwa mpango huo. Mama alikuwa na mashoga zake pale uani, na vicheko vyao vilisikika mtaa wa pili. Lakini mimi nilifika kidato cha tatu sijawahi kuwaona baba na mama wakila pamoja. Sikujua hata kwamba baba hapendi bamia, kwa kuwa sahani yake ilirudi jikoni imekwisha safishwa na wenzake.

Nyumba ya Bunju ilivuruga mpango huo bila ya mtu yeyote kukusudia. Ramani ilikuwa ya kisasa: sebule, jiko la ndani, chumba cha kulia chenye dirisha kubwa, na kibaraza chembamba mbele. Ua haukuwepo, mashoga walibaki Magomeni, na barazani hapakupita mtu wa kukaribishwa. Baba akawa anakula peke yake sebuleni mbele ya taarifa ya habari. Mama alikula jikoni, mara nyingi kwa kusimama. Meza ya kulia iliyonunuliwa Keko kwa fedha za kiinua mgongo ikawa ya kupigia pasi. Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu asiyeyajua atauona mgahawa nitakaousimulia kuwa mgahawa tu.

Ulifunguliwa mwaka 2012 kwenye fremu mbili za kando ya Barabara ya Bagamoyo, zilizokuwa zimekaa tupu tangu zijengwe. Mwenyewe alikuwa Mpemba aliyerudi kutoka Muscat. Wazanzibari wengi wana jamaa zao Omani. Waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine wengi wakafuata Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970, hata leo Muscat zipo nyumba ambazo mazungumzo yake ni ya Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Yeye alikwenda kijana, akapata kazi ya kuosha vyombo katika jiko la wapishi wa Lebanoni na Syria, akapanda polepole mpaka akakabidhiwa makaa na nyama. Aliporudi, mtaji wake haukutosha kupanga fremu mjini. Akaja mwisho wa mji, alikoweza. Juu ya mlango aliandika kwa rangi ya kijani: Vyakula vya Sham. Watu wa Bunju tulisema tu "kwa Mpemba".

Orodha ilikuwa ubaoni kwa chaki: humusi, biringanya ya kuchoma iliyopondwa na kitunguu saumu, falafeli, kachumbari ya majani ya giligilani na ngano ileile ya bokoboko, kuku wa mshikaki aliyelazwa kwenye mtindi, pweza wa kuchoma kwa ndimu, na shawarma. Ni vyakula vya pwani ya mashariki ya Bahari ya Mediterania, kuanzia Uturuki kushuka hadi Misri. Mjini vilikuwepo tayari, kwenye mahoteli na migahawa yenye viyoyozi, na shawarma moja kule ilikula nauli ya wiki nzima. Yeye aliiuza kwa elfu tatu na mia tano.

Baadaye, nilipoanza kumsaidia hesabu za daftari wakati wa likizo, niliona alivyoweza. Kwanza alikataa kushindana na mahoteli kwa vitu vya kuonyesha. Ule mti wa shawarma unaozunguka mbele ya moto, uliobuniwa Uturuki ya Waosmani katika karne ya 19, unataka kilo nyingi za nyama na wateja wa kuimaliza siku hiyohiyo. Bunju ya siku za kazi haikuwa na wateja hao. Basi mti ulisimamishwa Alhamisi hadi Jumapili tu, na kwa kuku, kwa sababu nusu ya majirani walikuwa na mabanda ya kuku wa kisasa nyuma ya nyumba na walimpelekea wenyewe. Siku nyingine alitegemea nafaka na mboga. Biringanya na nyanya zilitoka kwenye bustani za mabondeni kuelekea Mto Mpiji, mto unaotutenga na Mkoa wa Pwani, zikimfikia na umande wake. Mafuta ya zeituni aliyanyunyizia juu kwa kijiko kidogo, ya ndani ya chakula yakawa ya alizeti ya Singida.

Na dengu. Kule alikojifunzia hutumia zile nyeupe kubwa za kuagizwa. Yeye alinunua zetu, ndogo za rangi ya kahawia, zinazolimwa Kanda ya Ziwa kwenye udongo mweusi wa mbuga. Wakulima wa Shinyanga na Kwimba huzipanda mvua zinapokaribia kukatika, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Ngozi yake ni ngumu. Alizilaza usiku kucha na magadi kidogo, akazichemsha mpaka zikavunjika, akazisugua kwa mikono kwenye maji, maganda yakaelea akayamwaga. Rangi ya humusi yake ilikuwa ya hudhurungi kidogo kuliko ya mjini na ladha yake nzito zaidi. Nimekwisha kula humusi katika miji kadhaa tangu hapo, na bado naiweka ile mbele.

Mkate ndio ulionifanya nimwone kuwa fundi wa kweli. Hakuwa na tanuri ya mkate wa Sham. Alipika mkate wa ufuta wa Zanzibar, ule wa unga wa ngano na tui, unaomiminwa kikaangoni na kunyunyiziwa ufuta, kisha kikaango kinageuzwa juu-chini kuelekezwa kwenye makaa mpaka uso wa mkate unawiva na ufuta unatoa harufu. Mkate huo huliwa na Wazanzibari mwezi wa Ramadhani karibu kila kona. Ukiuchana na kuuchovya kwenye biringanya, bahari mbili zinakutana mdomoni bila ugomvi.

Baba hakutaka kwenda. Alisema mgahawa ni mahali pa kulipia kelele. Nafikiri lilikuwepo jambo jingine: mwaka mmoja kabla alialikwa kwenye hoteli moja mjini na wenzake waliostaafu, akakaa mbele ya visu na uma za kila ukubwa, akarudi nyumbani na njaa. Aliyemvuta kwa Mpemba hakuwa mtu wa nyumbani. Desemba 2011 mafuriko makubwa yalizivamia nyumba za bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo na Magomeni Suna, na mwaka uliofuata serikali ikawagawia viwanja waathirika kule Mabwepande, jirani yetu kwa juu. Miongoni mwao alikuwamo mzee aliyekuwa akila barazani kwetu miaka yote. Walikutana msikitini Ijumaa, wakashikana mikono hadi machozi, na yule mzee akasema hana pa kumkaribisha kwa sababu bado yumo hemani. Baba naye, badala ya kumleta nyumbani, sijui kwa nini, akasema, "Twende hapo kwa Mpemba." Kisha akanituma nikamwite mama.

Mama alikuja na kitenge begani akidhani kuna msiba.

Mpemba alitoka jikoni akijifuta mikono. "Shikamoo mzee wangu, shikamoo mama. Karibuni, kaeni." Zilikuwepo meza nne za plastiki na moja ya mbao. Akatuweka kwenye ile ya mbao, ya watu sita, akaleta birika na beseni tukanawa tukiwa tumekaa, kama inavyotakiwa. Baba akaangalia mezani na kuuliza vijiko viko wapi. "Chakula hichi cha mkono, mzee," alijibiwa. "Unamega mkate, unachota. Kila mmoja anakula mbele yake, mukimaliza nakuongezeeni." Akashusha sahani katikati: humusi, biringanya, kachumbari, pweza aliyekatwa vipande. Hapakuwa na sahani ya mtu mmoja. Lilikuwa sinia letu, ila limetawanyishwa juu ya meza, na kwa kuwa meza ilikuwa moja na sahani zilikuwa za wote, hapakuwa na namna ya kuzitenga za wanaume na za wanawake. Mama alikaa mkabala na baba. Mkono wake na wa baba ilikutana kwenye biringanya, akaurudisha haraka, na baba akamsogezea sahani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na nililiona hilo kwa macho yangu. Walikuwa wameoana kabla ya kaka yangu mkubwa kuzaliwa, na ile ndiyo mara ya kwanza niliyoshuhudia baba akimkaribisha mama chakula.

Halafu baba akaonja humusi, akanyamaza, akaonja tena. "Humu mna ufuta," akasema. Mpemba akamwambia ndiyo, tahini, ufuta uliosagwa. Basi, baba hakunyamaza tena jioni ile. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozalisha ufuta kwa wingi duniani, na mwingi wake ni wa Lindi na Mtwara. Kilwa kwao watu hulima ufuta tangu babu na babu, wakautengeneza kashata na kuuza uliobaki. Mwingi unapakiwa mbichi kwenye meli, na baba bandarini aliyaandika magunia hayo kwenye vitabu kwa miaka mingi bila ya kufikiria unakokwenda unafanywa nini. Sasa aliambiwa. Aliuliza unakobolewaje, na Mpemba, ambaye alikuwa na wateja wengine wakimsubiri, akavuta kiti akaeleza: unaloweka, unausugua maganda yaachie, unautia kwenye maji ya chumvi kali, maganda yanazama, kiini kinaelea, unakiopoa kwa kichujio, unakikausha na kukikaanga kwa moto mdogo, ndipo unasaga. Baba akauliza ameununua kwa nani na kwa bei gani. Aliposikia bei, akasema, "Unaibiwa." Mwezi haukuisha kabla baba mdogo hajaanza kumpelekea gunia kutoka Kilwa kwa basi.

Pia ndipo tulipomsikia baba akisimulia habari za Ibn Battuta, ambazo wavulana wa Kilwa huzijua mapema. Msafiri yule alizaliwa Tanja, Moroko, pale Mediterania inapofungukia bahari kuu, na alifika Kilwa mwaka 1331. Njiani alipita Mogadishu, akaandika alicholishwa: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi, embe. Mombasa aliona watu wanakula ndizi na samaki. Mama aliuliza, "Na Kilwa alikula nini?" Baba akakiri kwamba kuhusu Kilwa aliandika zaidi ukarimu wa sultani. "Basi hamkumpikia," mama akasema, na yule mzee wa Mabwepande akacheka mpaka akapaliwa. Sikuwahi kumsikia mama akimtania baba mbele ya mwanamume mwingine. Uani alikuwa bingwa wa utani, lakini baba hakuwahi kukaa uani.

Watu wa Mediterania hawakuwa wageni kabisa kwa baba. Alipofika Dar es Salaam kijana alilikuta jina la Mgiriki kwenye Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, uliotokana na mchango wa tajiri wa mkonge, ukumbi ambao Nyerere alichaguliwa ndani yake kuwa rais wa chama cha TAA mwaka 1953. Wagiriki walikuwa na mashamba makubwa ya mkonge Tanga na Morogoro. Wana kanisa lao mjini na klabu yao. Lakini chakula chao hakikufika Magomeni. Kilichotufikia kilipitia Ghuba, mikononi mwa Mpemba aliyeanza kwa kuosha masufuria, na naona ilikuwa heri, kwa sababu alijua kitakachotufaa na asilete kisichotufaa. Pweza, kwa mfano, wavuvi wa Ugiriki humpigapiga kwenye mwamba alainike, na wetu wa Kunduchi na Ununio hufanya vivyo hivyo. Hapo hakuongeza kitu ila bizari kidogo.

Tukawa watu wa Ijumaa jioni. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2014, kaka zangu wanaokaa mjini waliweza kufika kabla ya magharibi, wakaja na wake zao. Mgahawa nao ukajaa. Nililijua eneo letu pale kuliko mahali pengine popote: mwalimu wa shule ya msingi na mumewe fundi bomba, askari aliyestaafu aliyekula falafeli tupu kwa sababu ya daktari wake, mama mmoja muuza mitumba aliyekuja na binti zake kila alipouza vizuri, Wachaga wa duka la vifaa vya ujenzi wakiuliza ndizi zitapikwa lini. Kwaresima Wakristo walifuata humusi na mboga. Ramadhani Mpemba alipika supu ya adesi yenye ndimu na bizari nyembamba, akaitoa bure kwa aliyekutwa na adhana njiani. Majirani tuliopishana kwa kupiga honi getini tulijuana majina kwenye meza zile, kwa kuwa meza zilipojaa ulikalishwa na usiyemjua na mkate wenu ukawa mmoja. Maji ya bomba yalipokatika kwa muda mrefu, mipango ya kuchanga kisima ilifanyiwa pale. Kijana wa watu alipoposa mtaani kwetu, wazee wa pande zote mbili walipatanishwa pale pia.

Nyumbani, mabadiliko yalikuja bila ya kutangazwa. Jumapili moja mama aliondoa pasi mezani, akatandika kitambaa, akatenga sahani katikati kama kwa Mpemba: kisamvu, samaki wa kupaka, mbatata za urojo, chapati za kumegea. Akatuita wote. Baba alisimama mlangoni kidogo akiwa na rimoti mkononi, akaenda kuzima televisheni. Ni siku hiyo nilipojua habari ya bamia.

Najua wapo watakaosema desturi ya barazani na uani ilikuwa na heshima yake, na wanasema kweli. Baraza ilimlisha mpita njia ambaye hakuwa na kitu, na uani palikuwa na uhuru ambao mezani haupo. Mama mwenyewe anapatamani mpaka leo. Mimi naililia baraza ya Magomeni. Lakini desturi ile ilihitaji nyumba yake na mtaa wake. Tulipohamishia miili yetu Bunju tukaacha mtaa nyuma, iliyobaki ilikuwa upweke wa watu wawili ndani ya nyumba moja, na sina huruma na upweke huo.

Mpemba aliondoka mwaka 2017. Mama yake kule Wete alikuwa amezeeka na hakuwa na mwingine wa kumtunza. Kabla ya kwenda alishinda siku nzima jikoni kwetu akimfundisha mama kusaga tahini, maana baba alikuwa na ufuta na asingekubali uharibike. Fremu zile sasa ni duka la vigae. Klabu ya Simba imefungua uwanja wake Bunju tangu 2019, nyumba zimeimeza mikorosho karibu yote, na shawarma inauzwa kila kituo kuanzia Tegeta, pamoja na chipsi ndani yake. Nazila, na zina utamu wake. Ila zinauzwa kwa kufungiwa, na vibanda havina viti.

Mwaka jana baba mdogo alikuja mwenyewe na gunia la ufuta. Mama alipika, akatenga mezani, kaka zangu na wake zao wakakaa. Baba mdogo ni mtu wa adabu za zamani. Aliposhika mlango wa chumba cha kulia akamwona shemeji yake na wakaza wana wamekwisha kukaa, alirudi nyuma, akasema kwa upole kwamba yeye atakula kibarazani, asisumbuliwe mtu. Baba akainuka na sahani ya humusi kumfuata, kwani mgeni haachwi akala peke yake. Nikadhani mlo umegawanyika. Mama akachukua mkate kwa mkono mmoja na kiti cha plastiki kwa mkono mwingine, akatoka.

"Shemeji, sogea kidogo," tulimsikia akisema. "Nataka habari za Kivinje."

Tuliobaki tukabeba sahani zilizobaki tukawafuata.